Siku Nilipoyasifu Mabawa Yaliyochoka

Nikipita Kikambala siku hizi hujifunika mtandio mpaka machoni, na si kwa ajili ya vumbi wala jua, ni kwa kuwa pale kuna hoteli moja ambayo watu wake wote, kuanzia mlinzi wa geti hadi mpishi wa chapati, wananijua kwa jambo ambalo natamani lingemfika mtu mwingine (astaghfirullah, simwombei mtu baya, lakini ndivyo nafsi inavyosema). Nawasimulia nyinyi kwa sababu ni watu wangu, na kwa sababu mmeshalisikia kwa wengine likiwa limepinda, huyu anasema Zuhura ameuza siri za jeshi, yule anasema Zuhura amefungwa. Sikuuza kitu wala sikufungwa. Ningefungwa pengine ingekuwa nafuu, maana aliyefungwa hufika siku akatoka.

Mnajua kazi yangu ni ukalimani, na mnajua pia kwamba Kitaliano changu sikukisomea darasani. Nilikiokota jikoni, hapa hapa Malindi, katika mkahawa wa mama mmoja wa Kitaliano aliyekuwa akinifokea tangu asubuhi tukimenya vitunguu hadi jioni tukiosha masufuria, na mtu akifokewa miaka mingi kwa lugha moja huijua hata kwenye ndoto. Baadaye nikawa nawasindikiza wazee wa Kitaliano hospitalini, kwa mawakili na kwenye ofisi za ardhi, huyu anaumwa na tumbo namfasiria, yule anagombana na fundi wa makuti namfasiria, mpaka sifa zikaenea kwamba Zuhura ulimi wake umezaliwa ng'ambo. Sifa hizo nikazila kama halua, tena bila kahawa.

Basi siku moja akanipigia simu Salim, mtoto wa ami yangu, ambaye wakati ule alikuwa msimamizi wa kumbi za mikutano katika hoteli hiyo ya Kikambala.

"Dada Zuhura, shikamoo. Nina wageni wiki ijayo, kampuni ya Kitaliano na wakubwa wa jeshi la anga la nchi jirani. Mkalimani wao ameugua ghafla. Ni mambo ya ndege za kivita."

"Marahaba. Wanauziwa ndege?"

"La, ndege wanazo, za zamani sana. Wanataka zitiwe vyombo vya kisasa, rada mpya, skrini, makombora mapya. Mwili ule ule wa kale, ubongo mpya. Mzee atakayeeleza hajui lugha ila Kitaliano, na Kanali wa wageni amekataa Kiingereza, amekuja na mafundi na marubani na wabunge na anataka kila mmoja asikie kwa lugha anayoielewa. Nikutumie makaratasi yao uyapitie kwanza?"

Hapo ndipo, jamani. Ningesema naam, nitumie, hadithi hii isingekuwepo. Lakini nilimwona Salim kama anayenipima, nikaona nikiomba makaratasi nitaonekana mwanafunzi, nikamjibu kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi, "Ya nini makaratasi, Salim? Kitaliano ni Kitaliano." Na ndege zenyewe, kusema kweli, nilikuwa nimepanda mara moja tu maishani, kwenda Nairobi kwenye harusi, na njia nzima nilifumba macho.

Mamangu alipopata habari hakulala nazo. Alasiri ile ile alikwenda kwa majirani nyumba hadi nyumba, akisema mwanawe ameitwa na majeshi mawili, nami nilipomwambia jeshi ni moja tu akasema la pili litakuja.

Asubuhi ya mkutano nilivaa baibui langu la harusini, nikajitia udi, nikapelekwa na gari la hoteli kama bibi harusi. Ukumbi ulikuwa na baridi ya kutetemesha meno. Safu ya mbele walikaa maafisa na magwanda yao yaliyonyooshwa, Kanali katikati, mtu mnene mwenye sauti ya upole, nyuma yao marubani, kisha mafundi, kisha wabunge waliokuwa wameshaanza kusinzia. Upande wa pili kampuni, na mkubwa wao wa mauzo akiitwa Marko, kijana anayejua Kiingereza lakini Kiswahili chake kinaishia jambo na asante. Na mzee mwenyewe, Bruno, mhandisi aliyezijua ndege zile tangu ujana wake, nywele nyeupe, mikono mikubwa, mpole mpaka unamwonea haya. Alinikaribia kabla hatujaanza akaniuliza kwa Kitaliano, "Sinyora, maneno yangu ya kiufundi umeyaona? Mengine ni magumu." Nikamjibu, "Nimeyaona yote." Uongo wa kwanza wa siku ile, na haukuniuma hata kidogo.

Mwanzo ulikuwa mtamu, na utamu ule ndio ulioniponza. Bruno alionyesha picha za chumba cha rubani, zile saa za zamani zenye mishale zitang'olewa, mahali pake patiwe skrini, nami nikafasiri bila kukwama. Akaonyesha kofia ya rubani inayomwandikia mbele ya macho adui aliko, ageuze shingo apendavyo kofia inamfuata, nikafasiri, marubani wakatazamana kama watoto walioonyeshwa nguo za Idi. Akaeleza rada itakayoona mbali mara nyingi kuliko ile ya kwanza. Nikaanza hata kuongeza viungo vyangu, nikasema ni kama mzee aliyepewa macho ya kijana, watu wakacheka, Kanali akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, nami moyoni nikasema, Zuhura, wewe umechelewa tu, hii ndiyo kazi yako.

Kisha ikaja picha ya bawa.

Bawa lilichorwa limekatwa ili ndani yake paonekane, na pale linapoungana na mwili wa ndege palikuwa pametiwa rangi nyekundu. Sauti ya Bruno ikashuka. Akataja neno refu ambalo sijawahi kulisikia tangu nizaliwe (baadaye nilijua ni ule mhimili unaopita ndani ya bawa na kulibeba), akasema mhimili huo una *fatica*. Neno *fatica* nalijua, ningekosaje kulijua? Yule mama wa mkahawani kila jioni alikuwa akijifuta jasho akisema *fatica*, *fatica*, yaani kazi imekuwa kubwa leo. Lile refu nikaliruka, nikalishika hili, nikawageukia watu na sauti yangu ya furaha.

"Ndugu zangu, mabawa ya ndege zenu yamefanya kazi kubwa mno. Hapo mnapoona wekundu ndipo palipofanya kazi kuliko pote."

Kanali akaanza kupiga makofi. Maafisa wakamfuata, mafundi wakafuata, wabunge wakaamka nao wakapiga. Marko akaona watu wamefurahi, akaniinulia kidole gumba. Bruno peke yake alisimama akiwatazama jinsi mtu anavyowatazama watu wanaocheka matangani. Akangoja makofi yaishe, akaendelea polepole, akisema makombora mapya ni mazito na mhimili ule hauyahimili, kwanza ubadilishwe, makombora yaje baadaye.

Hapo, wenzangu, nilielewa. Siwezi kuwaambia sikuelewa. Neno la kuhimili nalijua vizuri. Lakini makofi yalikuwa bado yananilia masikioni, Kanali ananitazama kwa tabasamu, na mimi dakika ile ile nimetoka kuyasifu mabawa hayo kama mapacha wangu. Nitaanzaje kusema sasa kwamba hayafai? Nikajiambia labda nimesikia vibaya, labda ni jambo dogo la mafundi, watalimaliza wenyewe huko kwenye karakana. Nikasema, "Makombora yatafungwa kwa utaratibu."

Kwa utaratibu. Hebu nitazameni.

Kanali akainuka. Akasema amefurahi kusikia mwili wa ndege ni madhubuti, kwa hiyo anapendekeza wasipoteze wakati, makombora yafungwe kwanza kabla ya rada na skrini, ili ndege zipite mbele ya wananchi na silaha zake mpya siku ya sherehe za taifa. Nikampelekea Bruno kwa Kitaliano nusu tu, kwamba wageni wanaomba kuanza na makombora. Mzee akashika ukingo wa meza. "Makombora kwanza? Na mabawa je?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. "Mzee anauliza kama mko tayari," nikasema.

"Tuko tayari," akasema Kanali.

Katika safu ya marubani akasimama kijana mmoja mwembamba, akajitaja kuwa Kapteni Elia. Hakuwa amecheka tangu asubuhi, hata kwenye ile kofia. Akasema kwa adabu, "Mama, naomba umuulize mzee neno moja. Nikiwa na makombora yote, nikaikata kona kwa kasi, bawa litanistahimili?"

Nikamuuliza Bruno, na hili nililiuliza sawasawa, sijui kwa nini, pengine ni uso wa yule kijana. Na Bruno akajibu, "No. No, no, no," akitikisa kichwa, akaongeza na mkono.

Sasa neno no ni nani asiyelijua? Hata mbuzi wa Malindi wanalijua. Nami, Mungu anisamehe, nilifungua kinywa nikasema, "Anasema hakuna wasiwasi."

"Mbona anatikisa kichwa?" akauliza Kanali.

"Wataliano hutikisa kichwa wanapokubali."

Nilipolisikia neno hilo likitoka nilitamani sakafu ifunguke. Marko mwenyewe alikuwa pale, Mtaliano, asubuhi nzima akitikisa kichwa anapokataa na kukiinamisha anapokubali kama watu wote duniani. Safu ya nyuma mtu akacheka, kisha akakohoa kuficha kicheko. Bruno hakijui Kiswahili, lakini nyuso anazijua, akaniangalia akauliza taratibu, "Sinyora, umewaambia nini?" Udi wote ule niliojitia nikausikia unanuka kama moshi.

Mzee akaniacha nimesimama, akaenda kwenye meza ya chai pembeni, akachukua kijiko, vile vijiko vyembamba vya kukorogea sukari. Akarudi mbele ya Kapteni Elia. Akakipinda kijiko mbele, akakirudisha nyuma. Mbele, nyuma. Hakutumia nguvu, alikuwa kama mtu anayechezea kitu huku anafikiri, na sisi sote tunatazama ile mikono mikubwa. Kwa muda kijiko kikawa kizima kabisa, kinang'aa, ungeweza kukirudisha mezani mtu akakitumia. Kisha kikakatika. Hakikutoa hata mlio wa maana. Bruno akavitia vipande viwili katika kiganja cha Kapteni, akageuka akaonyesha kwa kidole pale penye wekundu kwenye picha.

Hakuna aliyehitaji mkalimani.

Kanali hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Mama, njoo hapa mbele. Rudia alichosema mzee kuhusu mabawa, neno kwa neno."

Nikaenda. Njia ile ya kutoka jukwaani hadi mbele ya meza yake ni fupi, lakini niliona kama napelekwa kusomewa hukumu. Nikasema, "Neno lile nilidhani maana yake ni kazi. Kumbe kwa chuma maana yake ni uchovu. Mabawa yamechoka. Amesema hayahimili makombora mpaka mihimili ibadilishwe."

"Na ulijua lini?"

Ningeweza kusema nimejua sasa hivi, kwenye kijiko. Lakini nilikuwa nimechoka kusema uongo. "Mlipokuwa mmeshapiga makofi," nikasema. "Nikaogopa kurudi nyuma."

Nilidhani aibu yangu ndiyo kilele cha siku ile. Kumbe mimi nilikuwa mlango tu. Kapteni Elia alikuwa bado amesimama na vipande vya kijiko mkononi, akawa anazungumza, na hakuwa akizungumza nami.

"Afande, mwaka jana mwenzangu alianguka na ndege yake akiikata kona. Bawa lilitoka. Sisi tuliokuwa angani tulisema bawa limetoka lenyewe. Tukaambiwa hapana, aliivuta ndege kupita kiasi, alikuwa anajionyesha. Mama yake aliambiwa hivyo mbele ya jeneza, na mimi nilikuwa mmoja wa waliolibeba."

"Kaa, Kapteni," akasema Kanali.

"Mpaka leo yule mama haendi hata sokoni. Watu wanamwambia mwanao aliharibu ndege ya nchi."

"Kaa, Elia." Mara hii alimwita kwa jina, na sauti yake ilikuwa imechakaa. Akainama akatazama meza. Kijana aliendelea kusimama, na hakuna aliyethubutu kumvuta akae.

Marko akaja mbele, uso umemwiva, akaendelea kwa Kiingereza na fundi mmoja wa wageni akawa anawageuzia wenzake. Kumbe jambo la mabawa ndilo lililokuwa la kwanza katika mpango wao wote, lilikuwa katika yale makaratasi, ukurasa wa mbele kabisa, na alipoona makofi alidhani wageni wanashukuru kwa kuambiwa ukweli. Mimi nilielekezwa kiti karibu na birika za chai, nikakaa pale na baibui langu la harusini mpaka saa ya chakula, na wahudumu wakipita wananipisha kama naumwa ugonjwa wa kuambukiza.

Wakati wa chakula Bruno alinijia. Nilijiandaa kutukanwa, na kwa Kitaliano matusi nayajua vizuri, lakini alisema tu kwamba angepaswa kukaa nami asubuhi na kunipitisha maneno yake, na kwamba ni kosa lake pia. Angenitukana ningelia kidogo tu. Kwa maneno yale nililia mpaka mtandio ukalowa.

Kisha nikamwona Kapteni Elia amekaa peke yake, sahani ya pilau haijaguswa. Nikajikaza nikaenda.

"Nisamehe, mwanangu."

Akanitazama kama anayejaribu kukumbuka mimi ni nani. "Mimi ndiye niliyekuwa nimeshachaguliwa kuirusha ndege ya kwanza siku ya sherehe," akasema. "Lakini si mimi wa kuombwa radhi, mama. Mimi nimesikia kwa wakati." Kisha akaongeza, si kwa ukali, "Ungesema tu hulijui neno. Hapa ndani hakuna aliyekuwa akilijua."

Nikiwa bado njiani kurudi Malindi habari zilikuwa zimeshanitangulia, maana wahudumu wengi wa hoteli ile kwao ni huku kwetu. Jioni ile ile nikapata jina, Mama Mabawa, na jina likipatikana Malindi huwa limepatikana. Salim alitolewa kwenye kumbi akapelekwa kusimamia nguo za kufuliwa, na mpaka leo ananiamkia shikamoo yake kama kawaida, ila hakai. Wazee wangu wa Kitaliano wawili watatu wakaanza kwenda hospitalini na mtu mwingine. Mamangu nilimkuta uani anachambua mchele. Ameshaambiwa, nililiona hilo kwenye mabega yake. Nilingoja aniulize ilikuwaje, hakuuliza. Alisogeza ungo, akasema, "Kaa ule kwanza," na tangu siku ile hajanitaja tena kwa jirani, kwa jema wala kwa baya.

Kuhusu zile ndege, Salim alisikia kwamba mazungumzo yalivunjika, kisha akasikia yameanza tena, kitu cha kwanza kikiwa mihimili. Sijui. Mambo ya jeshi hayafiki mitaani kwetu ila yamegeuka.

Kazi ningali naifanya, kidogo. Juzi nilikuwa na bibi mmoja wa Kitaliano hospitalini, daktari akataja ugonjwa wake kwa neno nisilolijua, nikainua mkono nikasema daktari, neno hilo silijui, nieleze. Akavuta pumzi kama mtu aliyechoshwa, akaeleza. Kwenye sentensi ya pili nikainua tena. Yule bibi akaniuliza kama kweli mimi ni mkalimani, na watu waliokaa kwenye benchi wakacheka, maana jina langu wanalijua. Wacha wacheke. Nimeapa, na kiapo hiki sikukiapa kwa mdomo tu, kwamba neno nisilolijua halitapita tena kinywani mwangu likiwa limevaa nguo za neno jingine.

Lakini kuna jambo moja ambalo kiapo hakilifikii. Yule mama ambaye haendi sokoni, sijui kama aliambiwa. Nilimwomba Salim awaulize wageni walipokuja tena, akasema si swali la mtu wa nguo za kufuliwa. Kwa hiyo sijui kama kuna mtu aliyekwenda akaketi naye, akamwambia mwanao hakuwa akijionyesha, bawa lilichoka. Na kama alikwenda, naomba awe mtu aliyethubutu kulisema lote, asiishie nusu.